Namna ya Kuingia na Kukomaa Katika Kazi ya Benki Kuu

Kila noti iliyomo mfukoni mwako ni deni la Benki Kuu, na ndiyo maana imetiwa saini ya Gavana pamoja na ya Waziri wa Fedha. Kijana anayetaka kufanya kazi katika taasisi hiyo aanze kwa kulitafakari jambo hili, maana ndilo linaloitenga benki kuu na benki nyingine zote. Mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, akafunga mzigo leo na kukubali kulipwa wiki ijayo, huenda hajawahi kukanyaga ngazi za jengo la Benki Kuu lililopo mjini kwake Mwanza. Hata hivyo anakubali kusubiri kwa sababu anaamini kwamba shilingi atakayopewa itanunua unga uleule. Kazi ninayoieleza humu ni ya kuilinda imani hiyo. Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya kijana wa Kitanzania, ingawa mwenzake wa Nairobi au Kampala ataikuta njia inayofanana sana, kwa kuwa benki kuu za nchi hizi tatu zilizaliwa mwaka mmoja, 1966, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjwa.

Anza na mizania

Waombaji wengi huja na nadharia nyingi kichwani lakini hawajawahi kuisoma mizania ya Benki Kuu, ilhali inachapishwa na haichukui zaidi ya ukurasa mmoja. Upande wa mali kuna fedha za kigeni, dhahabu, dhamana za Serikali (hati ambazo Serikali hukopea) na mikopo. Upande wa madeni kuna noti na sarafu zilizo katika mzunguko, amana za mabenki na amana za Serikali. Karibu kila uamuzi wa sera ya fedha utakaousikia ukitangazwa unaweza kuufuatilia ndani ya jedwali hilo, na mtu aliyelizoea hatishwi na istilahi.

Chukua mfano wa dhahabu. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaosafirisha dhahabu nje wametakiwa kutenga walau asilimia 20 ya dhahabu yao ili isafishwe na kuuzwa hapa nchini, Benki Kuu ikiwa mnunuzi. Benki inapoinunua hulipa kwa shilingi, na hapo mali yake inaongezeka kwa upande mmoja na madeni yake kwa upande wa pili. Shilingi hizo zinaingia kwenye akaunti ya mwuzaji katika benki ya biashara, ukwasi wa mabenki, yaani fedha yaliyo nazo tayari za kukopesha, unaongezeka, na riba wanayotozana mabenki yanapokopeshana inaanza kulegea. Ikiachwa ilegee kupita kiasi, mikopo itakua haraka kuliko bidhaa zilizopo, na fedha hizo zitageuka ama kuwa bei za juu ama kuwa foleni ya watu wanaotafuta dola. Kwa hiyo watu wa masoko ya fedha hawana budi kupima, pengine siku hiyohiyo, ni shilingi kiasi gani zirudishwe Benki Kuu na kwa muda gani. Ukiweza kuueleza mlolongo huu mwanzo hadi mwisho bila kutazama karatasi, umekwisha kuwapita watu wengi watakaokaa nawe kwenye usaili.

Baada ya mizania, jifunze jinsi riba inavyofanya kazi. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha mfumo wa kulenga wingi wa fedha na kuanza kutumia Riba ya Benki Kuu, ambayo ilianzia asilimia 5.5, ikapandishwa hadi asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huohuo, kisha ikateremshwa hadi asilimia 5.75 mwezi Julai 2025. Kamati ya Sera ya Fedha huipanga kila robo mwaka. Kati ya kikao kimoja na kingine, wataalamu wa masoko huangalia kila siku kwamba riba ya mikopo ya siku saba baina ya mabenki haiachani na kiwango hicho kwa zaidi ya pointi mbili za asilimia, juu au chini.

Hapo ndipo nchi yetu inapoachana na nchi ambazo vitabu vingi vya somo hili viliandikwa kwa ajili yake. Katika kapu la bidhaa linalotumika kupimia mfumuko wa bei, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vinachukua zaidi ya robo ya uzito wote. Desemba 2011 mfumuko wa bei ulifika asilimia 19.8, na wasukumaji wakubwa walikuwa chakula na nishati, vitu ambavyo havishuki bei kwa sababu tu benki zimepandisha riba. Mchumi wa benki kuu katika nchi kama yetu anatakiwa kutofautisha bei iliyopanda kwa kuwa mvua za vuli zimekosekana, ambayo itateremka mavuno yakija, na bei iliyopanda ikaanza kuambukiza nauli, kodi za nyumba na madai ya mishahara, ambayo haitateremka yenyewe. Tofauti hiyo haionekani kwenye wastani wa taifa peke yake. Mtu anayefanya kazi Dodoma na hajui bei ya gunia katika soko la mahindi la Kibaigwa, mji ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, amejinyima taarifa ambayo kompyuta yake itaipata wiki kadhaa baadaye.

Masomo yanayofaa

Shahada ya uchumi ndiyo njia iliyozoeleka, lakini Benki Kuu huajiri pia watu wa takwimu, hisabati, uhasibu, sheria, kompyuta na sayansi ya bima. Profesa Florens Luoga, aliyekuwa Gavana kuanzia 2018 hadi Januari 2023, alikuwa mwanasheria. Kwa hiyo swali la kujiuliza lisiwe shahada yako inaitwaje. Jiulize unaweza kufanya nini kwa takwimu chafu utakazokabidhiwa Jumatatu asubuhi.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi wa uchumi ni kwamba asilikwepe somo la uhasibu. Wengi hulikwepa kwa kuliona la chini, kisha wanafika kazini na kushindwa kujua kama benki iliyotangaza faida imeipata kwa kukopesha vizuri au kwa kuchelewa kutambua hasara. Mwanafunzi wa uhasibu naye asiogope takwimu. Jifunze kwa dhati programu moja ya uchambuzi, iwe Stata, EViews, R au Python, hadi uweze kurudia hesabu yako mwenyewe ya miezi sita iliyopita na kupata jibu lilelile. Kwa shahada ya pili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa miongoni mwa vyuo vilivyoshirikiana na muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika wenye makao yake Nairobi, ulioanzishwa mwaka 1988, na wahitimu wa mpango huo utawakuta katika benki kuu nyingi za ukanda huu. Thamani yake kubwa, pamoja na masomo, ni kwamba utasoma pamoja na watu watakaokuwa wenzako wa upande wa pili wa simu miaka 15 baadaye.

Kuna somo moja ambalo halimo katika mtaala wowote nao ni kuyaeleza haya yote kwa Kiswahili. Madokezo ya kitaalamu na mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa huenda kwa Kiingereza, lakini Bunge, redio na wananchi wanasikiliza kwa Kiswahili, na huko ndiko imani inakojengwa au kubomoka. Fikiria sentensi ya kawaida kabisa, «mfumuko wa bei umeshuka». Msikilizaji wa kawaida huelewa kwamba bei zimeshuka, anakwenda dukani, anakuta zimepanda, na anahitimisha kwamba amedanganywa. Mtaalamu mzuri atasema kwamba bidhaa zilizogharimu shilingi 10,000 mwaka jana sasa zinagharimu wastani wa shilingi 10,300, na kwamba mwaka uliotangulia ongezeko kama hilo lilikuwa la shilingi 500. Jizoeze kuandika hivyo tangu chuoni. Watu wanaoweza kuifanya kazi hii vizuri bado ni wachache, na sijui kwa nini vyuo vyetu haviitilii maanani.

Kupata nafasi

Nafasi hutangazwa kwa uwazi, na matangazo yake hupatikana kwenye tovuti ya Benki na kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Yafuatilie mwenyewe, wala usimpe senti mtu yeyote anayedai kwamba ana mkono ndani. Mchujo kwa kawaida huwa wa maandishi kwanza, kisha mahojiano. Wiki chache kabla ya hapo soma taarifa ya mwisho ya Kamati ya Sera ya Fedha, Mapitio ya Uchumi ya kila mwezi, na taarifa ya mfumuko wa bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Usikariri viwango tu. Uweze kueleza kwa nini Kamati iliamua ilivyoamua, na kitu gani kikibadilika uamuzi ungebadilika.

Usipopata mara ya kwanza, usione mlango umefungwa. Wapo walioingia wakitokea benki za biashara, Wizara ya Fedha, Ofisi ya Takwimu na vyuo vikuu. Miaka mitatu kwenye idara ya mikopo ya benki ya biashara itakufundisha namna wakopaji wanavyoficha mambo, na msimamizi wa mabenki aliyewahi kukaa upande ule haongopewi kwa urahisi.

Miaka ya mwanzo

Utapangiwa kurugenzi, na huenda isiwe uliyoitamani. Kila kijana anataka utafiti na sera ya uchumi, lakini sarafu, mifumo ya malipo, masoko ya fedha, uhasibu na usimamizi wa sekta ya fedha ndimo benki kuu inamofanyia kazi yake ya kila siku. Ukipangiwa tawi la Mtwara, nenda. Huko utauona msimu wa korosho ukifunguliwa, minada ya stakabadhi ghalani ikianza, na mahitaji ya fedha taslimu yakipanda ndani ya majuma machache hadi noti zikahitajika kwa wingi ambao mkoa huo hauuoni miezi mingine ya mwaka. Ukikaa msimu mmoja utaelewa kwa nini kiasi cha fedha katika mzunguko hupanda na kushuka kwa majira, na hutakuwa na haja ya kukumbushwa tena kuondoa athari za msimu kwenye takwimu zako. Vivyo hivyo Mbeya kwa mpunga na mpaka wa Tunduma, Arusha kwa watalii na fedha za kigeni, Zanzibar kwa karafuu na hoteli.

Lakini ustadi utakaoamua kazi yako yote, na hapa ningependa msomaji atulie, ni kuandika dokezo. Benki kuu inaendeshwa kwa madokezo. Gavana na manaibu wake hawawezi kukaa nawe saa mbili ukiwaeleza modeli yako. Watasoma ukurasa mmoja, pengine wakiwa garini, na kuamua jambo litakalogusa mamilioni ya watu. Nimeona madokezo mengi yaliyobeba taarifa nzuri yakapita bila kuonekana kwa sababu mwandishi wake aliogopa kusema alichokiona. Angalia sentensi hii: «Kumekuwepo na mabadiliko katika mwenendo wa bei za baadhi ya mazao ya chakula katika kipindi rejewa.» Haina kosa la sarufi, haina kosa la takwimu, na haina msaada kwa mtu yeyote. Sasa linganisha na hii, ambayo tarakimu zake nimezibuni kwa ajili ya mfano: «Bei ya jumla ya mahindi imepanda kwa asilimia 12 katika wiki sita kwenye masoko manne kati ya matano tuliyotembelea, na tunashauri Kamati isishushe riba katika kikao hiki.» Sentensi ya pili inamweka mwandishi wake hatarini, kwa maana anaweza kuonekana amekosea. Hatari hiyo ndiyo unayolipiwa mshahara.

Kwa hiyo weka ushauri katika aya ya kwanza. Kila tarakimu iwe na tarehe yake na mahali ilipotoka. Taja jambo linaloweza kuufanya ushauri wako uwe mbaya, na taja njia mbadala ambayo mtu mwenye busara angeichagua. Tenga unachokijua na unachokikadiria, wala usiyachanganye katika sentensi moja. Hakikisha nakala imepokelewa masijala, kwa sababu miaka mitatu baadaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anaweza kuuliza nani alishauri nini na lini. Kumbukumbu ya mdomo haitakusaidia siku hiyo.

Zaidi ya hayo, weka daftari la makadirio yako mwenyewe. Kila mwezi kabla takwimu hazijatoka, andika unadhani mfumuko wa bei utakuwa kiasi gani na kwa sababu gani, kisha rudi uandike ulivyokuwa. Baada ya miaka miwili utajua unakosea upande gani: pengine unadharau mafuta, pengine unazikuza athari za sikukuu. Mabosi wanaweza kumvumilia mtu anayekosea ikiwa anajua amekosea wapi. Yule asiyekumbuka alichokisema mwezi uliopita huacha kuulizwa.

Ukienda upande wa kusimamia mabenki

Usimamizi wa mabenki hauna mvuto wa sera ya fedha, lakini ndio unaomgusa mwananchi kwa uchungu zaidi unaposhindwa. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja kwa kuwa mitaji yake ilikuwa imepungua kupita kiwango kinachotakiwa na sheria. Zilikuwa Covenant, Efatha, Meru, Njombe na benki ya ushirika wa wakulima wa Kagera, nyingi zikiwa za jamii ndogo zilizochangishana wenyewe. Bima ya amana wakati ule iliishia shilingi milioni 1.5 kwa mwenye akaunti, na aliyekuwa na zaidi ya hapo alibaki kusubiri kinachobaki baada ya mali za benki kuuzwa. Mkaguzi anayelisoma faili la mkopo Ijumaa jioni akiwa amechoka, na kuliruhusu lipite, akumbuke mtu huyo.

Unapokwenda kukagua, anza na mikopo iliyoongezewa muda mara nyingi, kwa sababu mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kama ilivyokubaliwa, hujificha humo. Benki humkopesha mdaiwa mkopo mpya ili alipe ule wa zamani, na vitabuni wote wanaonekana wazima. Omba kuiona dhamana kwa macho yako: kiwanja kilichoandikwa cha shilingi milioni 800 kinaweza kuwa bonde linalojaa maji kila masika. Angalia ni wakopaji wangapi wana undugu au ubia na wajumbe wa bodi. Na ukialikwa chakula cha mchana na meneja unayemkagua, shukuru kwa adabu kisha ule chakula chako mwenyewe.

Sheria ya mwaka 2018 ya huduma ndogo za fedha iliiongezea Benki Kuu jukumu la kuwaangalia wakopeshaji wadogo, na hapo utakutana na wale ambao mitaani wanaitwa kausha damu, pamoja na wakopeshaji wa mtandaoni wanaowapigia simu ndugu na majirani wa mdaiwa ili kumwaibisha. Kazi hii haina heshima ya mikutano ya kimataifa. Naiona kuwa miongoni mwa kazi zenye manufaa makubwa anazoweza kufanya afisa kijana, na ningemshauri aiombe.

Serikali, shinikizo na saini

Benki Kuu ni mshauri wa Serikali, mtunzaji wa akaunti zake na mkopeshaji wake wa muda mfupi, na papo hapo inatakiwa iwe na uwezo wa kuiambia Serikali hapana. Hakuna sehemu ngumu ya kazi hii kuliko hiyo. Edwin Mtei alifungua Benki Kuu ya Tanzania kama Gavana wa kwanza mwaka 1966 akiwa na miaka 33. Baadaye, akiwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 baada ya kutokubaliana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa na suala la kushusha thamani ya shilingi. Mtu anaweza kumwunga mkono Mtei au Mwalimu katika hoja ile, lakini namna ya kuachana kwao inafundisha: alitoa ushauri wake, ulipokataliwa akaondoka. Kampala mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani Joseph Mubiru, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Uganda, aliuawa katika utawala wa Idi Amin.

Miaka iliyofuata hapa kwetu mashirika ya umma na mamlaka za mazao ziliendelea kukopeshwa hata pale zilipokuwa haziwezi kulipa, bidhaa zikaadimika, na katikati ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulipita asilimia 30. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1995 iliyapunguza malengo mengi ya Benki Kuu na kuweka mbele lengo la utulivu wa bei, na ndiyo maana mkopo wa Benki Kuu kwa Serikali umewekewa kikomo kinachokokotolewa kutokana na mapato halisi ya ndani ya mwaka uliotangulia. Jifunze kifungu hicho vizuri. Zimbabwe, ambako kikomo cha namna hiyo kilivunjika, ilifika mahali pa kutoa noti ya dola trilioni 100 mwezi Januari 2009, na waliokuwa wameweka akiba ya uzeeni benki hawakubaki na kitu.

Afisa wa kawaida hatajikuta akibishana na Rais. Shinikizo litamfikia kwa sura ndogo: simu inayomtaka aharakishe malipo, bosi anayemwomba alainishe aya moja, nyaraka zinazoonekana kamili isipokuwa jambo moja. Katika mwaka wa fedha wa 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu kwenye akaunti ya madeni ya nje kwenda kwa kampuni zilizodai kwamba zimehamishiwa haki ya kulipwa na wadai wa zamani wa kigeni. Ukaguzi ulipofanyika ilionekana kwamba nyingi ya hati za kuhamisha madeni zilikuwa za kughushi au zenye kasoro, na Januari 2008 Rais alitengua uteuzi wa Gavana. Ninachotaka ukione ni kwamba malipo ya aina ile hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika juu, na kila mmoja angeweza kuuliza swali moja zaidi. Usitie saini karatasi ambayo hujaisoma, hata kama wote waliotangulia wametia. Ukilazimishwa, andika pembeni kwamba umeelekezwa, taja aliyekuelekeza na tarehe. Kalamu hiyo inaweza kukuchelewesha kupanda cheo; nawajua waliocheleweshwa, na hakuna kati yao aliyeniambia kwamba anajuta.

Ndugu na jamaa

Ukoo wako utajua upesi mahali unapofanya kazi. Msibani mjomba atakuuliza kama dola itapanda, na binamu atataka noti mpya za kutunzia harusini. Zoea jibu moja la upole kwa wote: kwamba uamuzi ukitangazwa watausikia redioni kama watu wengine. Siku zinazokitangulia kikao cha Kamati usizungumzie riba na mtu yeyote wa nje, hata kwa mzaha, na usinunue dhamana za Serikali wala fedha za kigeni kwa kutegemea jambo ulilolisikia ofisini. Mkeo au mumeo pia alielewe hili mapema, maana ukimya wa ghafla huleta maswali nyumbani.

Kukomaa na kuangalia mbele

Baada ya miaka mitano au sita zitakuja nafasi za mafunzo: taasisi ya kikanda ya usimamizi wa uchumi iliyoko Harare, kituo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kilichopo Dar es Salaam tangu 2002, shahada ya uzamivu nje ya nchi, au kuazimwa na mashirika ya Washington. Zipokee, kisha urudi. Benno Ndulu alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akauongoza muungano ule wa utafiti wa Nairobi, akafanya kazi Benki ya Dunia, na alirudi nyumbani kuwa Naibu Gavana kabla ya kukabidhiwa ugavana Januari 2008, mwezi uleule ambao imani ya wananchi kwa taasisi ilikuwa imetikiswa kuliko wakati wowote. Alichokuja nacho kilikuwa kimekusanywa kwa miaka mingi katika sehemu nyingi, na kilihitajika chote.

Kijana anayeingia sasa atakutana na kazi ambayo magavana hao hawakuimaliza. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikalenga sarafu moja mwaka 2024, na sasa lengo limesogezwa hadi 2031. Masharti yake yanaeleweka: mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisilozidi asilimia 50 ya pato hilo kwa thamani ya sasa ya malipo yajayo, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha uagizaji wa miezi 4.5. Kinachokwamisha zaidi ni kwamba kabla ya kutimiza masharti hayo nchi zinatakiwa kuyapima kwa namna moja. Maafisa watakaokaa kwenye vikao hivyo mwaka 2031 wengi wao leo ni wanafunzi au wana miaka michache kazini. Ukiwa mmoja wao, fungua jedwali leo, weka safu moja kwa kila nchi mwanachama, jaza mfumuko wa bei, nakisi, deni na akiba ya fedha za kigeni kwa miaka 10 iliyopita, na andika kando ya kila tarakimu jinsi nchi hiyo inavyoikokotoa. Jifunze Kifaransa cha kusomea ripoti za Bujumbura na Kinshasa. Kazi ya jedwali hilo itakuchukua miezi kadhaa ya jioni.